Nilimtia Binti Yangu Dawa ya Ng'ombe, Kisha Nikamsingizia Mwingine

Nimekosa. Sitaki kuanza na neno lingine, kwa sababu maneno mengine nimezunguka nayo muda mrefu mpaka yameniozea mdomoni.

Sikio la binti yangu limeharibika. Mkono ulioliharibu ni huu ninaoandikia. Huku kwetu, karibu na Kapsoit, kila mtu anajua kwamba liliharibiwa na msichana mmoja aliyekuwa anatoboa watu masikio pale sokoni. Wanajua hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia. Ni uongo! Ni uongo mtupu, na niliusema bila kupepesa jicho.

Usinionee huruma. Nilipofiwa na mume wangu nilionewa huruma mpaka nikaizoea, nikafika mahali pa kudhani kwamba mjane hawezi kukosa. Anaweza! Tena anaweza kuliko mtu mwingine, kwa sababu hakuna anayemkemea.

Shule niliacha darasa la nane. Nina shamba dogo la chai, ng'ombe wawili, na mama mkwe ambaye wote tunamwita Kogo, yaani nyanya. Binti yangu nitamwita Chela, si jina lake. Ni msichana mkubwa, amemaliza shule, anauza kwenye duka la vitabu na sare pale Kapsoit, na asubuhi kabla ya kwenda kazini hunisaidia kuchuna chai.

Baba yake alikufa ghafla. Sitaeleza, si habari ya leo.

Kwetu mwanamke akifiwa ananyoa nywele na kuvua vya kuvaa, shanga, bangili, hereni, mpaka siku watu wa nyumba wakae pamoja na kusema basi, msiba umekwisha. Siku hizi wengi hawafuati, hata kanisa letu halimlazimishi mtu. Mimi nilifuata, na nilifuata kwa hasira. Nilinyoa kabla sijaambiwa. Chela nikamnyoa mwenyewe. Aliinamisha kichwa kwenye karai akaniacha nifanye. Alimpenda sana baba yake.

Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Nilinyamaza. Wanawake wa kanisa wakanisifu, wakasema, "Tazama anavyobeba." Hawakujua kwamba ule unyamavu ulikuwa unawaka ndani kama jivu la moto, ukikanyaga ndipo unajua.

Nywele za Chela zilipoanza kuota, alirudi jioni moja kutoka kazini, akaenda moja kwa moja kumsaidia Kogo kwenye zizi. Nilikuwa jikoni. Nikamsikia anaongea na rafiki yake kwa simu. Alikuwa anacheka! Si kutabasamu. Kucheka, kile kicheko cha baba yake cha kushika kiuno.

Nikatoka. Ndipo nikaona, juu kabisa kwenye sikio la kushoto, pale penye ule mfupa laini, kitu kidogo kinang'aa.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kipini tu, Mama."

"Mbona huko juu?"

"Ndiko nilitaka."

"Ya nini?"

"Nimependa." Akaguna. "Kwani lazima iwe ya kitu?"

"Baba yako hata udongo wake haujashikana!"

"Baba angecheka," akasema. "Angesema nimekuwa kama redio, nimewekwa eriali."

Ni kweli. Angesema hivyohivyo. Na hilo ndilo lililonitia wazimu, kwamba alikuwa na baba yake hapo mdomoni, mzima, anachekesha, na mimi nilikuwa na kaburi tu.

Nilisema neno ambalo wazazi wa huku wanalo tayari. "Kogo wako alishonwa masikio ndipo akubaliwe kanisani, na wewe unakwenda kutoboa!"

Kogo alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakamua. Masikio yake ni ya zamani, yalivutwa yakawa marefu, kisha alipookoka yakakatwa na kushonwa. Hakuinua hata kichwa.

"Mimi usinitie huko," akasema. "Nilishonwa nikalia kama mbuzi, na Mungu hakusema chochote, si wakati wa kutoboa, si wakati wa kushona. Mwache mtoto."

Sikumwacha.

Nataka mwelewe jambo moja. Lile sikio lilikuwa linapona. Yule msichana wa Kapsoit alifanya kazi yake vizuri. Chela alinieleza mwenyewe, akidhani nitatulia: alivaa glavu, akatoa sindano mpya kwenye pakiti yake mbele ya macho yake, hakutumia ile bastola ya kupiga hereni, akasema bastola huvunja mfupa wa juu. Akamwambia asafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, asiguseguse kwa mikono ya shamba, asilalie upande huo, asitoe kipini mpaka miezi ipite, kwa sababu pale juu hapana damu nyingi na hupona polepole. Akamwambia pia, kukivimba usitoe. Nenda hospitali nacho, ukikitoa shimo litaziba na usaha utabaki ndani.

Chela alifuata yote. Alikuwa na sufuria yake ndogo, anachemsha maji na chumvi, anafunika na sahani, anaacha yapoe.

Mimi nilikuwa nayamwaga.

Ndiyo! Mtu mzima, mama, mshiriki wa kanisa, nilikuwa namwaga maji ya mtoto nje ya mlango wa jikoni, halafu namrudishia sufuria mahali pake. Mara ya kwanza akadhani ni Kogo. Mara ya pili aliniangalia tu. Akachemsha mengine. Nikayamwaga.

Nikatafuta na njia nyingine. Kwenye chai huwa tunafunga kitambaa kichwani kwa sababu ya ukungu na matone, na juu yake tunavaa karatasi ya plastiki. Nikamwambia hakuna mtu ataingia kwenye chai yangu kichwa wazi. Nikamfunga mwenyewe, nikakaza, kitambaa kikapita juu ya kile kipini kikakilaza.

"Mama, kinaniumiza."

"Msiba pia unaumiza."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nasema. Kila kitu nilikipeleka kwenye msiba. Chumvi ikiwa nyingi kwenye mboga, msiba. Jumapili nikamfunga tena, kitambaa kizito cha kanisani, ili wenzangu wasione. Alikaa ibada nzima ameinamisha kichwa upande mmoja, na watu wakadhani anasali.

Sikio likaanza kuvimba. Kwanza likawa jekundu, kisha likawa la moto, ukikaribia unahisi. Chela akasema anakwenda dispensari.

Nikakataa. Nesi wa dispensari ni mwenzangu kwenye kikundi cha akina mama. Nilijiona nimekaa pale kwenye benchi, wote wananong'ona: binti wa marehemu, nywele hazijakua, tayari ametoboa sikio juu kama wasichana wa Nairobi. Aibu! Nilichokiogopa ni aibu. Sikio sikuliogopea hata kidogo.

"Nitakutibu mimi," nikasema.

Sasa sikiliza ujinga wetu. Kwetu dawa ya ng'ombe si kitu cha ajabu. Mafuta ya kukamulia tunajipaka miguuni mpaka na usoni wakati wa baridi. Nina jirani anayejipulizia mguuni ile dawa ya buluu ya vidonda vya ng'ombe, na anaringa nayo. Tunasema ng'ombe ni mkubwa kuliko mtu, dawa inayomwinua yeye itashindwaje na mtu? Basi kwenye kabati nilikuwa na dawa ya kiwele, ile inayokuja kwenye bomba dogo la plastiki lenye ncha, unaisukuma ndani ya chuchu ng'ombe akishikwa. Nimeitumia miaka mingi. Kiwele kigumu kama jiwe hulainika. Nikaona sikio pia limekuwa gumu, basi ni jambo lilelile.

Ilikuwa alasiri, mvua ya mawe inapiga mabati kiasi kwamba tulikuwa tunapigiana kelele. Nikamkalisha Chela karibu na dirisha.

"Toa hicho kipini."

"Mama, yule dada alisema usitoe kama limevimba."

"Yule dada ndiye aliyekuzaa?"

"Alisema usaha utafungiwa ndani! Twende hospitali, tafadhali. Nitasema nimejidunga mwenyewe. Sitakutaja."

Msomaji, mtoto alikuwa ananipa njia ya kutokea! Alikuwa tayari kubeba aibu yangu mgongoni. Sikuichukua.

Nilimshika kichwa nikakikandamiza kwenye goti langu. Kipini kilikuwa kimezama kwenye nyama iliyovimba, nikakitafuta kwa kucha zenye utomvu wa chai, nikakivuta. Alipiga kelele ambayo sijawahi kusikia kwake, hata siku ya mazishi. Kisha nikaingiza ile ncha ya bomba pale kwenye shimo na nikasukuma.

Nikafunga kwa kitambaa, nikakaza. Nikamwambia, "Kesho utanishukuru."

Asubuhi hakuamka kwenda kwenye chai. Nikaenda peke yangu na kikapu changu, nikamwacha amelala, kwa sababu ilikuwa siku ya gari kuja kituoni kuchukua majani, na majani yakikosa gari yanachomeka na kuharibika. Hayo ndiyo niliyoyaogopea kuharibika. Majani!

Niliporudi, Kogo alikuwa amemfungua kile kitambaa na amempigia dada yake mume wangu simu. Yeye watoto wanamwita Senge, shangazi. Ni mwanamke wa Kipkelion, mkulima wa mahindi, mkali, hana muda wa mtu. Alifika na gari la kukodi. Sikio la Chela lilikuwa limesimama mbali na kichwa, limejaa na kung'aa, uso wa upande ule umevimba mpaka jicho limefunga. Alikuwa anatetemeka kwa homa.

Senge hakunisalimu. "Umekaa na hii kitu nyumbani?" akaniuliza. "Hii? Umeketi nayo, unakunywa chai?"

Tukampeleka hospitali Kericho mjini.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alilitazama sikio muda mrefu, akalinusa, akatuangalia. Tulikuwa watatu pale ndani, mimi, Senge na Chela kitandani.

"Mmeweka nini hapa?" akauliza.

Chela akafungua lile jicho moja. Akanitazama.

"Hatujaweka kitu," nikasema. "Ni msichana wa Kapsoit aliyemdunga. Ni uchafu wake."

"Mama, sigombani na mtu," daktari akasema. "Hata kama ni dawa ya kienyeji, hata kama ni nini. Nikijua nitajua pa kuanzia."

"Nimesema hakuna."

Akamgeukia Chela. "Na wewe unasemaje?"

"Muulize Mama," Chela akasema.

Daktari akanitazama tena. Nikatikisa kichwa. Chela akafumba jicho.

Walilipasua, wakatoa usaha, wakaosha, wakarudia tena siku nyingine. Homa ilishuka. Lakini ule mfupa laini wa juu, daktari aliuita gegedu, ulikuwa umekufa sehemu kubwa. Akatueleza kwamba ukifa haurudi. Sikio sasa limejikunja juu, dogo na lenye mikunjo, kama jani la chai lililosahauliwa juani. Anasikia, namshukuru Mungu. Lakini mtu akikutana naye, macho yanakwenda pale kabla hayajafika usoni.

Mngedhani nilikoma hapo. Wapi!

Wenzangu wa kanisa walikuja kumwona wodini, na uji kwenye chupa. Wakaona bandeji, wakaanza kulia. "Ni nani amefanya hivi?" Nikawaambia. Nikawaeleza mpaka kibanda kilipo, kando ya fundi viatu. Nikaongeza kitu ambacho naona haya kukiandika. Nikasema, "Ni wale wa upande wa Nyamira." Sikuwa na sababu ya kukisema. Nilikisema kwa sababu nilijua mtu wa kuja, wa kabila jingine, huaminiwa ubaya upesi. Nilijua ninachofanya! Msiba haukunipofusha macho.

Wakaenda kundi zima mchana, siku ya soko. Mimi sikwenda, nilikuwa nimekaa wodini kama malaika. Walimwaga hereni zake kwenye matope, wakapindua meza, wakamwita mchawi na muuaji. Mwenye kibanda akaona shari, akamwambia aondoke. Mmoja wao akarudi kunipa habari, anahema kwa furaha: "Tumemmaliza, mama. Hatadunga mtoto wa mtu tena."

Nikamwambia asante. Chela alikuwa macho. Alisikia yote.

Siku ya kutoka hospitali, Senge alikuwa ameshafunga mizigo ya Chela. Nikasema, "Nyumbani ni huku." Senge akasema, "Nyumbani kwa nani?" Nikamshika Chela mkono. Hakuunyakua. Aliutoa taratibu, kama mtu anavyotoa nguo iliyonaswa na mwiba.

"Sikio ningekusamehe, Mama," akasema. "Ningesema umechanganyikiwa kwa ajili ya Baba. Lakini uliulizwa mara mbili."

Akaingia garini. Tangu hapo yuko Kipkelion. Kazi ya Kapsoit aliacha.

Nilibaki na Kogo. Mama mkwe wangu si mtu wa kugombana, lakini aliacha kula chakula nilichopika. Anajipikia viazi vyake mwenyewe kwenye moto wake. Nikimsalimu anajibu. Basi, hakuna zaidi.

Nilijaribu kujitetea moyoni. Nilisema nilimkasirikia Chela kwa sababu ya mila. Uongo. Mila yenyewe Kogo ndiye mwenyewe, na yeye alisema mwache. Nikasema ni kwa sababu ya kanisa. Uongo pia, hakuna mchungaji aliyeniuliza. Ukweli ni huu, na ni mchafu: nilimwonea wivu. Alipata pumzi kabla yangu. Nilitaka awe chini pamoja nami, kwenye lile shimo, na alipoinua kichwa nikakishika nikakikandamiza.

Nikaulizia yule msichana alikokwenda. Fundi viatu aliniambia amerudi kwao, anauza ndizi Chepilat. Nikaenda.

Nilimkuta amekaa nyuma ya ndizi zake, mwembamba, kijana kuliko nilivyodhani. Sikuwa nimewahi kumwona! Nilimharibia maisha mtu ambaye singeweza kumtambua njiani.

"Karibu, mathe. Za kupika ama za kuiva?"

"Mimi ni mama yake Chela. Wa Kapsoit. Wa sikio."

Mikono yake ikasimama juu ya ndizi. Nilidhani atanitukana. Akauliza, "Liliponaje?"

"Halikupona. Limekunjamana."

"Nilimwambia asitoe."

"Hakutoa. Nilikitoa mimi, kwa nguvu."

"Ukaweka nini?"

"Dawa ya kiwele."

"Ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe."

Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili. "Sikia maajabu! Ile kesi yangu ya Kapsoit, kumbe walikuwa wanamkamua mtoto!" Yule mwenzake akapiga makofi akacheka. Yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na alikuwa anayakasirikia.

"Sasa umekuja kutaka nini?"

"Kukuomba msamaha."

"Hapa? Sisi wawili? Nikusamehe hapa kando ya ndizi halafu uende nyumbani ulale?" Akasimama. "Mlikuja kundi, mathe. Mchana, watu wanaangalia, watoto wa shule wanaokota hereni zangu kwenye matope. Wewe unakuja pole pole, kama mtu anayeiba. Msamaha wa kunong'ona sina. Ulisema mbele ya watu, nenda useme mbele ya watu. Sasa nunua ndizi ama upishe wateja."

Niliondoka.

Jumapili iliyofuata, akina mama walipobaki baada ya ibada, nilisimama. Niliwaambia yote, maji ya chumvi, kitambaa, kipini, bomba la dawa ya kiwele, daktari. Niliwaambia mlimwaga vitu vya mtu asiye na kosa, na aliyewatuma ni mimi.

Mwenyekiti akasema kwa sauti ya huruma, "Mama, msiba bado umekukalia. Keti."

"Sijarukwa na akili," nikasema. "Nimesema ukweli."

Mwingine akaruka. "Sasa unatuingiza na sisi! Si wewe uliyelia pale wodini? Unataka tukamwombe msamaha yule wa Nyamira?"

"Ndiyo."

"Nenda wewe!"

Wakachukua mikoba yao. Yule aliyekuja wodini akihema alipita karibu nami akasema chini chini, "Ungenyamaza tu. Ulikuwa unajua kunyamaza."

Hawaji tena kunisaidia kuchuna. Zamani tulikuwa tunachuniana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Sasa nachuna peke yangu, na majani mengine yananikomalia juu ya mti. Acha yakomae! Yule msichana hajaombwa msamaha na yeyote isipokuwa mimi, na mimi alinikataa. Ana haki.

Wiki hii Chela alipiga simu. Ni mara ya kwanza tangu aondoke. Nilikuwa katikati ya chai, nikatupa majani chini ili nishike simu kwa mikono yote miwili.

"Senge ameniambia umesema," akasema.

"Nimesema."

"Mbele yao wote?"

"Mbele yao wote."

Nikasikia kuku kule kwa Senge, na mtu anapasua kuni. Nikangoja. Nilikuwa tayari amwage lolote.

"Na daktari je?" akauliza.

Sikuwa nimefikiria daktari. Naapa, katika kutubu kwangu kote sikuwa nimemkumbuka yule mwanamke aliyeniuliza kwa upole.

"Daktari bado," nikasema.

"Sawa," akasema, akakata.

Kwa hiyo kesho nakwenda Kericho. Sijui kama nitamkuta. Sijui kama anakumbuka, anaona masikio mangapi yule! Nitakaa kwenye benchi mpaka nimwone, nimwambie niliweka nini. Haitarudisha gegedu. Sitegemei Chela arudi nyumbani kwa ajili ya hilo, na nikitegemea nitakuwa nimeanza tena biashara ileile. Naenda kwa sababu aliuliza.

Najua jina langu halipo hapa. Hilo pia ni woga, lihesabuni pamoja na mengine.

Enyi wazazi, wa msiba na wasio wa msiba, sikieni mimi niliyechelewa. Mtoto mkubwa akitoboa sikio lake, ni sikio lake. Kama hupendi, sema mara moja ukae kimya. Usimwage maji yake. Usimfunge kitambaa juu ya kidonda. Sikio la juu likivimba na kupata moto, usitoe kipini, usikamue, usipake cha ng'ombe wala cha mtu. Mfikishe hospitali siku hiyohiyo, na jirani akikucheka kwenye benchi, mwache acheke.

Na ukiwa umeshakosa, kama mimi, daktari akikuuliza mmeweka nini, jibu! Jibu mara ya kwanza. Mtoto wako amelala pale, na lile jicho linalofunguka limekutazama wewe.